Re: Tairi za misumari za baiskeli, nichukue ipi?

Dada uliyeuliza uchukue tairi ipi ya misumari (ile yenye vijino vya chuma vya kung'ata barafu) kwa baiskeli yako, pole na baridi na karibu sana Oulu, huku Finland. Wenzangu wamekujibu "nunua za misumari" wakaishia hapo, sasa ukiingia dukani unakuta ukuta mzima wa tairi na bei zimepishana vibaya, ndo maana naandika kwa urefu kidogo, maana umesema zamu yako inaanza alfajiri na basi linakuwa bado halijaanza kutembea.

Usiangalie idadi ya misumari peke yake, angalia imekaa wapi. Tairi inayoitwa Hakkapeliitta W106 ina misumari 106, safu mbili. Ndugu yake W240 inayo 240, safu nne, imesambaa mpaka pembeni, na tairi ya Schwalbe Marathon Winter Plus nayo ina safu nne. Mimi nakwambia chukua ya safu nne, na sababu ni hii. Januari ikipiga nyuzi -20 njia za hapa wala hazisumbui sana, theluji imeshashindiliwa, kavu, tairi inashika. Wanaoanguka wanaanguka Novemba na Machi, mchana inayeyuka, watu wanapita na miguu na baiskeli juu ya ule uji, usiku inaganda tena, ukitoka asubuhi njia nzima ni mifereji migumu kama zege. Gurudumu la mbele likishaingia kwenye mfereji halafu ukataka kutoka, linapanda ukingo kwa ubavu, misumari ya katikati haigusi kitu pale, ni ile ya pembeni ndo inakuokoa. Safu mbili zinamtosha mtu ambaye njia yake inakwanguliwa theluji mapema na hana mifereji. Ya safu nne ni nzito, inapiga kelele kwenye lami na utachelewa kidogo, sasa we ondoka nyumbani mapema.

Halafu uliza misumari ni ya nini. Ya chuma cha kawaida inalika haraka ukipita lami tupu, na hapa kuna wiki nyingi njia ni nusu lami nusu barafu. Tafuta yenye ncha za tangsteni kabaidi (madini magumu kuliko chuma), hiyo unaitumia misimu kadhaa.

Hela ikitosha tairi moja tu mwezi huu, weka MBELE. Nyuma ikiteleza mara nyingi unawahi kuweka mguu chini, mbele ikiteleza umeshalala. Kuna mtu hapo juu kasema aweke nyuma kwa sababu ndo inayosukuma, hapana jamani, msimfuate huyo kwa hili. Ya nyuma ifuate ukipata mshahara, hasa kama baiskeli yako ni ya kufunga breki kwa kurudisha pedali nyuma.

Saizi: usiseme tu "28" (inchi) dukani, maana kuna 28 ya 622 na baiskeli za zamani zina 28 ya 635, haziingiliani kabisa. Soma ubavuni mwa tairi uliyonayo, utaona kitu kama 37-622, namba ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha rimu, zote kwa milimita. Pima pia nafasi chini ya madigadi, misumari inataka uwazi, isipopata inakwangua madigadi na theluji inajaa humo mpaka gurudumu linagoma.

Ukishafunga (fuata mshale wa mzunguko ubavuni) zizoeshe kwanza. Schwalbe wanasema kama km 40 kwenye lami, bila kufunga breki kwa nguvu wala kuondoka kwa kasi, ndo misumari ikae vizuri kwenye mpira. Kwa hiyo nunua Oktoba, usisubiri siku ya barafu.

Upepo nao: ukiujaza sana unatembelea katikati tu. Siku ya barafu punguza, ila usishuke chini ya kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye tairi.

Na theluji mpya, laini, ya kufika kwenye fundo la mguu, hapo misumari haina cha kushika. Shuka usukume mpaka trekta la kuondoa theluji lipite.

Nitumie picha ya ubavu wa tairi ya mbele na nyingine ya uwazi wa madigadi, nikuangalizie inayoingia kabla hujatoa hela. Kufunga sio kazi, njoo Jumamosi na baiskeli, pampu na vifaa vya kutolea tairi ninavyo.