Land Cruiser ya 1985: mshale wa joto na wa mazuti inapanda pamoja taa zikiwashwa

himbi_4x4 (Goma)
Jambo wandugu. Gari ni HJ60, injini 2H ya mazuti (dizeli), volti 12. Mchana mshale wa joto unakaa katikati. Taa zikiwashwa unakaribia H (moto), na wa mazuti unapanda kama robo tanki. Taa zikizimwa, yote miwili inarudi. Fundi anataka ninunue sonda (kihisi) ya joto. Fizible (fyuzi) ni nzima. Nianzie wapi kabla ya kutoa pesa?

kadutu_umeme (Bukavu)
Ndugu, sonda usinunue. Ya joto iko kwenye injini, ya mazuti iko ndani ya tanki, na hakuna hata moja inayojua swichi ya taa iko wapi. Geji mbili zikikosea pamoja, tafuta kile zinachotumia kwa pamoja: kidhibiti volti cha dashibodi na masi yake (njia ya umeme kurudi hasi ya batri kupitia bodi).

Kwenye Toyota nyingi za umri huo kidhibiti kimefichwa ndani ya geji ya mazuti yenyewe. Ni kipande cha chuma kilichozungushiwa waya wa joto. Waya ukipata moto, chuma hupinda na kukata umeme, kikipoa, kinaurudisha. Geji zinapata wastani wa karibu volti 7. Sasa, waya huo wa joto unamalizikia kwenye masi ya dashibodi. Masi ikiwa na kutu, balbu za dashibodi zikiwaka umeme wao unabanwa hapo, waya haupati moto wa kutosha, kidhibiti kinachelewa kukata, na mishale inapanda.

Pima hivi. Toa dashibodi mbele bila kuchomoa soketi. Ncha nyeusi ya multimeta iweke kwenye hasi ya batri, nyekundu kwenye waya mweupe wenye mstari mweusi (Toyota hutumia rangi hiyo kwa masi). Washa kontakti (swichi ya ufunguo) na taa. Ikizidi volti 0.2, masi ni mbovu. Usipime kwa omu: waya uliobaki na nyuzi mbili tatu utakuonyesha karibu sifuri, kumbe hauwezi kubeba mzigo.

Dawa ni waya mpya wa milimita mraba 1.5 kutoka masi ya dashibodi hadi boloni ya bodi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu. Angalia pia waya wa masi kati ya injini na bodi. Kwa mawe ya barabara zetu huo hukatika mapema.

garaji_birere (Goma)
Naunga mkono, ila kwanza hakikisha injini haichemki kweli. Huku tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, maji yasiyo na shinikizo yanachemka karibu digrii 95, si 100. Kifuniko cha radiateri chenye mpira uliochoka ni hatari zaidi hapa kuliko pwani. Pima kwa kipimajoto cha miale kwenye nyumba ya termosta: ukipata 85 hadi 95 huku mshale uko H, geji inadanganya. Ukipata zaidi, zima injini.

Na sonda ya joto inapimwa bure. Chomoa waya wake, washa kontakti: mshale ushuke C (baridi). Gusisha waya huo kwenye masi kupitia balbu ya wati 3.4: mshale upande. Mshale ukifanya hivyo, geji na waya ni vizima. Usiugusishe moja kwa moja, utaunguza geji. Tena, sonda ya waya mmoja inapata masi kupitia nyuzi zake za skrubu, kwa hiyo usiizungushie utepe wa mabomba.

himbi_4x4 (Goma)
Aksanti sana wakubwa. Kipimajoto kinatoa 88. Masi ilikuwa volti 0.9, kwa waya mpya ni 0.04. Taa hazisukumi tena mishale, ila yote miwili bado inasoma juu kidogo, mchana na usiku.

kadutu_umeme (Bukavu)
Basi kidhibiti nacho kimechoka. Pima kwenye waya wake wa kutokea: kikiwa kizima, namba zinarukaruka. Zikisimama kwenye 12, kontakti zake za ndani (sehemu zinazogusana na kuachana) zimegandana.

Badala yake weka LM317, kidhibiti volti cha kielektroniki chenye miguu mitatu. Maandishi yakikutazama, mguu wa kulia unapokea volti 12 za kontakti, wa katikati unatoa, wa kushoto ni wa kurekebisha. Weka rezista ya omu 240 kati ya katikati na kushoto, na omu 1,100 (1,000 na 100 zikifuatana) kutoka kushoto hadi masi. Utapata karibu volti 7. Mambo mawili yanawaponza mafundi wengi: bati la LM317 limeungwa na mguu wa kutoa, kwa hiyo liwekee mika (kipande chembamba kinachozuia umeme) kabla ya kulifunga kwenye chuma, na kontakti za kidhibiti cha zamani lazima zitenganishwe, la sivyo volti 12 zitaendelea kupita pembeni. Pima hizo 7 kabla ya kuunga geji.