Mjadala: Jezi ya Barcelona itatuletea watalii, ao tungeanza na mambo mengine?

Wandugu, tujadiliane hii bila matusi. Mwaka 2025 Kinshasa ilisaini mkataba na FC Barcelona, misimu minne, wachezaji wavae jina la Congo mgongoni kwenye nguo za mazoezi, na magazeti yaliandika ni zaidi ya milioni 40 za euro. AS Monaco na AC Milan nao wamesaini mikataba yao na Congo. Mimi niko Goma na nasema hizi franga zimetoka mapema sana.

Watu wanasema tumeiga Rwanda. Ni kweli, ila tumeiga kitu cha mwisho. Visit Rwanda, tangazo lao la utalii, iliingia kwenye mkono wa jezi ya Arsenal 2018, lakini angalieni kilichotangulia. Kwita Izina, sherehe ya kuwapa watoto wa gorila majina, ilianza 2005, na mwaka ule ule wakaanza kuvigawia vijiji vya pembeni ya pariki 5% ya mapato, 2017 ikapanda 10%. Permi (ruhusa ya kulipia ya kuona gorila), hoteli, wawekezaji, mikutano, vyote wakaviweka chini ya ofisi moja ya serikali, RDB (bodi ya maendeleo ya Rwanda). Pariki ya Akagera haikuwa tena na simba, 2010 wakaipa shirika la African Parks waisimamie pamoja na RDB, 2015 simba wakarudi, 2017 faru weusi. Kigali Convention Centre ikafunguliwa 2016, juu mtu wa mkutano naye analala hoteli, anakula, anapanda taksi. 2017 wakapandisha permi ya gorila toka dola 750 mpaka 1500 na watu wanalipa, wakati sisi huku pariki ya Virunga gorila wale wale wa mlima tulikuwa tunawaonyesha kwa 400. Njo nyuma ya hayo yote jezi ikakuja.

Sisi wa Goma tuliyaona kwa macho. Mzungu wa kupanda Nyiragongo, mlima wetu wa moto, wengi wao walikuwa wanashuka na ndege Kigali, analala kule, anakamata gari mpaka Gisenyi upande wa Rwanda, anavuka mpaka pa Grande Barrière asubuhi na begi yake, anafika Kibati chini ya mlima, anapanda, usiku analala kwenye tujumba tule twa juu pembeni ya krateri akiangalia moto, kesho yake anashuka na jioni amesharudi ng'ambo. Kwetu anaacha pesa ya pariki, ya visa, na ya yule kijana aliyemubebea begi na makala. Ndege na hoteli vimebaki kwa jirani. Na hiyo ni wakati kulikuwa na utulivu kidogo.

Wa Bukavu: Yaya, nakuheshimu, lakini unamusifu nani? Goma ilianguka mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili, na wataalamu wa ONU wameandika kwamba Rwanda iko nyuma ya waasi wa M23, hata kama Kigali inakana. Waziri wetu wa mambo ya nje Thérèse Kayikwamba Wagner aliwaandikia Arsenal, Bayern na PSG waache ile mikataba ya Visit Rwanda, na alifanya vizuri. Unataka jina la jirani lionekane kila wiki kwenye televizyo, letu lionekane tu kwenye habari za vita? Ile jezi ni kujitetea pia. Na usiseme hatuna kitu, pariki ya Kahuzi-Biega iko hapa pembeni yangu tangu 1970, gorila wa Grauer, aina nyingine ya gorila, Rwanda hutawaona. Virunga yenyewe si ndiyo inakuwashia taa hapo Goma na umeme wa Matebe, mtambo wake wa maji?

Wa Goma: Mdogo wangu, juu ya vita hatubishani, naishi ndani yake. Barua ya waziri naiunga mkono. Ila mtu wa Hispania ameona jezi, amefungua simu, anataka kukuja: atapitia wapi? Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa ule mwezi mji ulianguka. Virunga iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 1994, Kahuzi-Biega tangu 1997, na Virunga peke yake walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini. Milioni 40, hata robo yake, ingelipa mishahara ya walinzi na fidia kwa mulimaji ambaye tembo amemumalizia shamba. Na asante kwa kutaja Matebe, juu njo mfano wangu: umeme umeingia ndani ya nyumba ya mtu, kwa hiyo anaona pariki inamuhusu. Kijana wa Kibumba, kijiji cha pembeni ya pariki, ataona nini kwenye mgongo wa mchezaji wa Barcelona?

Wa Lubumbashi: Mimi nitasema kifupi. Huku hakuna M23. Tuko na pariki ya Kundelungu, tuko na maporomoko ya Lofoi, maji yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mara moja, na wakati wa mvua hata sisi wenyewe wa hapa kufika kule ni mateso, barabara hakuna. Kwa hiyo vita si sababu ya yote. Mwenye ameuona ule mkataba atuambie: kuna ofisi gani imepewa kazi ya kumupokea huyo mtalii akishuka Luano, uwanja wetu wa ndege?