Kuminga: hizi pointi zake ni za kweli au ni za kupewa mpira tu?

Mkesha_wa_Kikapu

Wadau habari zenu. Naomba tumjadili huyu kijana wa Goma, Jonathan Kuminga, enzi zake NBA na Golden State Warriors mpaka msimu wa 2024-25, maana mimi kichwa kimegoma kabisa kuelewa.

Mimi ni mtu wa kuamka usiku. Ile mechi ya tatu na Minnesota, 10 Mei 2025 kwa tarehe za kwao, huku kwetu ilianza saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumapili, simu ikawa na asilimia nne nikasimama ukutani kwenye soketi na chaja fupi, sauti nimezima watoto wamelala, nikaangalia mechi nzima nimesimama hivyo hivyo. Curry, nyota wao, hayupo, msuli wa nyuma ya paja ulimkamata mechi ya kwanza. Dogo akapiga pointi 30. Wamefungwa 102-97 lakini dogo 30. Na haikuwa ya bahati, mechi nne za mwisho za ile siriz (mfululizo wa mechi na timu ileile) alipata 18, 30, 23 na 26.

Sasa huyo huyo mwezi mmoja nyuma, mechi ya kufunga msimu na Clippers hakugusa uwanja, ya plei-in (ya kugombea kuingia mtoano) na Memphis hakugusa uwanja, na yuko mzima. Kochi wake Kerr anamwangalia hapo benchi na hamwiti. Mtu anayeweza kufunga 30 kwenye nusu fainali ya Magharibi unamwachaje mwezi mmoja kabla?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nina mdogo wangu ana miaka 17 anacheza hapa Dar, Kuminga ndo mtu wake, anamwiga kila kitu mpaka anavyovuta suruali. Anafunga sana lakini kochi wake hamwanzishi na mimi nilishaanza kumlaumu kochi. Kwa hiyo wenye macho mnisaidie, mnampimaje mchezaji aliyekuwa na miaka 22 wakati ule? Mnaangalia nini hasa ukiacha ile namba ya pointi?

hesabu_za_ringi

Mkuu swali zuri. Mi naanzia kwenye namba ila sio ya pointi maana pointi zinafuata dakika.

Pointi kwa mechi, mwaka wa kwanza 9.3, wa pili 9.9, wa tatu 16.1, wa nne 15.3. Ukiangalia hapo unasema amepanda halafu ametulia. Sasa angalia mitupo ya adhabu, pale mstarini hakuna anayemkaba, hakuna mfumo wa kochi, ni mkono wake tu: 68.4 kwa mia, 65.3, akapanda vizuri 74.6 msimu wa 2023-24, halafu akarudi 66.8. Hiyo ndo inanitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mtu ambaye anaishi kwa kuvamia ringi na kupigwa faulo lazima pale mstarini avune. Na mitupo ya pointi tatu ni stori ileile, 33.6, 37.0, 32.1, 30.5. Inashuka! Ile 37 ya mwaka wa pili watu wanaipenda kuitaja ila kipindi kile alikuwa anapiga chache, amesimama peke yake, Curry kavuta mabeki wawili. Mwaka wa nne anapiga nyingi zaidi na ndo hapo inaonekana mkono bado.

Kingine, 2023-24 alikuwa anaingiza karibu 53 kwa mia ya mipira yote, msimu uliofuata 45. Kuna kifundo cha mguu hapo, aliumia mwanzoni mwa Januari 2025 akakosa mechi 31, tena aliumia ndo kwanza katoka kupiga 34 mara mbili mfululizo mwisho wa Desemba, kwa hiyo sitaki kumhukumu kwa msimu wenye jeraha katikati. Lakini mkono wa mstarini haujaumizwa na kifundo. Hapo nasimama.

Kochi_wa_Vijana

Mdogo wangu namba ni sawa ila umekwenda moja kwa moja kwenye mkono, mimi nakwenda kwenye miguu na kwenye ile sekunde moja.

Nafundisha vijana mwaka wa kumi na moja huu. Kitu cha kwanza ninachoangalia kwa mfungaji kijana ni anafanya nini mpira ukimfikia mikononi. Mtazame Kuminga. Anapokea pembeni, anasimama. Anashusha mpira nyonga, anatikisa mguu wa kulia mara moja, mara mbili, anamsoma beki wake. Kwa muda ule wote mabeki wengine wanne wameshajipanga, aliyekuwa kona keshasogea, na Gobert, lile jitu refu la Minnesota, keshakaa chini ya ringi na mikono yake ile. Akianza kwenda ndo anakwenda kwenye ukuta. Na kwa sababu Mungu amempa nguvu na kuruka, mara nyingi anaupanda huo huo ukuta na anafunga au anapigwa faulo, sisi tunashangilia. Ile ni pointi ngumu, kweli anaiweza na wachache wa umri wake wanaiweza. Ila angekwenda mapema nusu sekunde ingekuwa leiapu (mpira wa kuweka tu ringini) ya bure au pasi ya kona.

Sasa Golden State ya Curry inaishi kwa ile nusu sekunde. Mpira hausimami, ukitoa pasi unakata, unamwekea mwenzio skrini (unamzibia njia beki wake), unarudi. Anayesimama na mpira anawasimamisha wote. Halafu alipokuja Butler Februari 2025 ikawa ngumu zaidi, kwa sababu Butler sio mtu wa tatu nyingi, mwenzao Draymond mabeki wanamwachia apige, ukimweka na Kuminga hapo una watu watatu ambao mabeki hawawaogopi nje, ringi inajaa watu. Kerr hakumchukia yule kijana. Curry alipotoka timu ikahitaji mtu wa kusimama na mpira na kujitengenezea mwenyewe, ndo kazi anayoijua, akaifanya vizuri sana. Kwa hiyo mkuu zile 30 ni za kweli na lile benchi lilikuwa na sababu, vyote viwili.

Je mtu anaweza kubadilika? Anaweza. Pascal Siakam, aliyekuwa Toronto, alichelewa kuanza mpira huu kule Cameroon, akachaguliwa namba 27 mwaka 2016, msimu wake wa pili alikuwa anaingiza tatu 22 kwa mia, uliofuata karibu 37, pointi kutoka 7.3 mpaka 16.9, na Toronto wakachukua ubingwa. Lakini Siakam alikuwa tayari anaamua haraka, alikosa mkono tu. Mkono unafundishika kwa kupiga mipira mingi kila siku, kuamua kunachukua miaka maana ni tabia.

mtoto_ya_Birere

Bandugu mie niko mtu ya Goma, sasa niko naishi Kampala. Minataka niseme kitu moja tu.

Batu banahesabu miaka, bahesabu dakika. Huyu mutoto alitoka Goma mwaka 2016 akiwa na miaka 13, akaenda Marekani, luga mupya, chakula mupya. Hakucheza chuo hata siku moja. Alienda Ignite ya G League, ile timu ya kufundisha vijana, akacheza mechi 13 basi, draft (timu za NBA zikichagua vijana) ya 2021 namba 7. Na kumbuka mwaka ule mwezi wa tano volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka, sisi tulikuwa tunakimbia na magodoro kichwani njia ya Sake, miezi miwili kisha tunaona mutoto yetu amevaa kofia ya Warriors. Bazee balilia. Miaka 19 tayari yuko bingwa, lakini bingwa ya kukaa kwa benchi, kwa mwaka ile alikuwa anacheza dakika haifike 17. Sasa kuamua haraka atajifunzia wapi? Kwa benchi? Mupe mutoto mpira misimu mbili yote, akosee, kisha mumupime.

hesabu_za_ringi

Kaka wa Goma nakuelewa na hiyo ya magodoro imenigusa. Ila mfano upo wa aliyepewa mpira. Jalen Green alikuwa naye Ignite timu moja, draft ileile, namba 2, Houston wakampa mpira toka siku ya kwanza. Mpaka 2024-25 anapiga 21 kwa mechi. Akakutana na hao hao Warriors raundi ya kwanza, mechi ya pili akapiga 38, zilizobaki wakambana kabisa, siriz nzima akaishia wastani wa 13.3. Dakika amepata zote. Kwa hiyo dakika zinasaidia ila haziwezi kumfundisha mtu peke yake.

mtoto_ya_Birere

Ile ni kweli. Lakini Green kule Houston hata akikosea kumi, kesho alikuwa anaanza. Kuminga akikosea mbili alikuwa anatolewa, anaangalia benchi kila mara akipiga. Mtu anacheza na woga ataamua haraka namna gani?

Kochi_wa_Vijana

Hapo kwenye woga umesema jambo kubwa, kwa kweli. Nimewahi kufanya kosa hilo na kijana wangu mmoja, kila akikosea namtoa, mwishowe akawa hapigi kabisa hata akiwa peke yake. Ilinichukua msimu mzima kumrudisha.

Mkesha_wa_Kikapu

Wakuu nimerudi. Jana nilikwenda uwanjani kwa mdogo wangu na daftari, sikuandika pointi, niliandika tu akishika mpira anakwenda, anatoa au anasimama. Zaidi ya nusu anasimama. Anatikisa mguu vilevile kama alivyoeleza kochi, mpaka wenzake wameacha kukata wanamwangalia tu. Nimekaa naye miaka yote sijawahi kuona kitu hicho, nilikuwa naangalia mpira ukiingia.

Kochi wake bado sijamwomba radhi ila nitamwomba. Swali langu la mwisho, namwambiaje dogo bila kumvunja moyo? Kwake Kuminga ni kila kitu.

Kochi_wa_Vijana

Usimwambie aache kumwiga. Mtafutie vipande vya Kuminga akikata bila mpira, akipokea hewani anadanki, au mpira umemfikia naye kashaanza kwenda kabla mguu wa pili haujatua. Vipo vingi tu na ni vizuri kuliko vya kusimama. Mwambie amwige pale. Na mlete Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, aje na mpira wake, nataka kumuona akipiga mitupo ya adhabu mia.

hesabu_za_ringi

Ukishamuona naomba utuletee ameingiza ngapi.