Huyu mchora katuni anatutafutia nini sisi wakimbizi??

Wandugu habari za jioni, nimekasirika leo mnisamehe nikiandika ovyo. Kuna katuni inazunguka kwenye magrupu ya wasapu hapa Kampala tangu asubuhi, gazeti silitaji. Mtumbwi umeandikwa UGANDA, mbele Mganda mwembamba mbavu nje anapiga kasia peke yake, nyuma mkimbizi kalalia gunia la msaada, tumbo kama ngoma, anakula posho na mtoto wake kaachama kama kifaranga. Na huyo mkimbizi hana macho! Nimeikuza picha mara tatu, hana. Ni tumbo na mdomo basi.

Nilikuwa Nsambya namkunjulia mteja kitenge, dada wa meza ya pili akanigeuzia simu, "Mkongomani wewe, wamekupiga picha." Akacheka, na mimi nikacheka, si unajua vile mtu anacheka ili yaishe.

Tumbo lipi sasa?? Mimi niliingia kwa mpaka wa Bunagana 2012 vita vya waasi wa M23 kule Kongo vilipoanza nikaja kukaa mjini, na ukikaa mjini hapa chakula hupewi, unajitegemea, kodi ya chumba nalipa mwenyewe, vitenge nabeba kichwani mpaka Kabalagala na askari wa jiji wakikukuta umekwisha, mzigo wote umeenda. Haya twende kambini basi, Nakivale, Kyangwali, hilo gunia liko wapi? 2025 WFP, shirika la chakula la UN, wameondoa karibu watu milioni moja kwenye msaada wa chakula hapa Uganda sababu hela za wafadhili zimekauka. Yeye ndio anachora gunia saa hii. Banange.

Na ile katuni ya gazeti la Daily Mail la Uingereza ya 2015, wakimbizi wanaingia Ulaya na panya wanapita miguuni mwao, hiyo ikitumwa kwenye grupu wote tunawatukana wazungu eti wabaguzi. Ya kwetu tunaiwekea vicheko. Sisi wa Maziwa Makuu tena, tuliosikia kule Rwanda kabla ya 1994 magazeti yanaita watu mende mpaka watu wakazoea!

Anayesema katuni ni utani tu aende aangalie ile ya Keppler ya Marekani, 1893, ni utani pia. Matajiri wamesimama bandarini wananyoosha mikono kumzuia mhamiaji na furushi lake asishuke, halafu nyuma ya kila tajiri kuna kivuli, na kivuli ni yeye mwenyewe au baba yake siku anafika na nguo zake zilizochakaa. Hiyo ndiyo katuni, inamchapa mwenye nguvu. Huyu wetu na yeye achore wakubwa wa Uganda na vivuli vyao, Museveni mwenyewe si alikimbilia Tanzania enzi za Amin? Ajaribu basi tuone hiyo kalamu. Haoni huko, anamwona mama wa vitenge.

Jioni tukifunga mizigo nikamuuliza yule dada, kwani kwenu wapi. Kasema Arua, hapahapa Uganda. Nikamuuliza na ulizaliwa hukohuko? Kanyamaza kidogo, kasema hapana, nilizaliwa Aru, upande wa Kongo, mama alikimbia vita vya huku Uganda 1980 mimba yangu ikiwa kubwa, wenyeji wa pale wakampa kibanda. Simu kaitia mfukoni, kanisaidia kubeba furushi mpaka steji.