Mziki mtamu nikiufungulia tu, nikipunguza unapooza. Ninunue ampu kubwa?

Mpenda Gita: Wakuu, habari zenu. Nina ampu (kikuza sauti) ya wati 60 kila upande na spika mbili za kawaida. Kitasa cha sauti kikikaribia nusu, mziki unanoga: besi inatembea, ngoma unazisikia zilivyo. Shida ni usiku. Watoto wakilala napunguza, na hapo besi inapotea, anabaki mwimbaji na matoazi kwa mbali. Jamaa yangu anasema ampu haina nguvu, nitafute ya wati 120. Ni kweli au nitachoma hela?

Sikio Kavu: Hela ibaki mfukoni mkuu. Tatizo liko masikioni, na si lako peke yako. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa maabara za Bell kule Marekani walichapisha vipimo vyao: sauti ikiwa ndogo, sikio linakuwa zito kwa besi. Sauti za hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 hadi 5,000 tunazinasa hata zikinong'ona, lakini besi ya hezi 50 lazima isukumwe sana ndiyo isikike. Kwa hiyo ukipunguza kitasa vyote vinashuka sawasawa, ila sikio linaipoteza besi mapema. Angalia kama ampu ina kitufe kimeandikwa LOUDNESS, hicho kinaongeza besi. Usiku bonyeza, ukifungulia mziki kizime.

Mzee wa Sahani: Hicho kitufe mimi sikipendi. Hakijui spika zako zinatoa sauti kiasi gani, kinajaza besi kwa kipimo chake. Kwenye spika nyingine mwimbaji anakuwa kama yuko ndani ya pipa. Bora kitasa cha besi, upandishe kidogo kidogo kwa sikio lako mwenyewe.

Fundi Waya: Kuhusu wati, huyo jamaa yako kakudanganya bila kujua. Kutoka 60 kwenda 120 unapata desibeli 3 tu, desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti. Utaisikia tofauti, lakini hutaruka kwenye kiti. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili zinatakiwa kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Na usiku, kwa sauti ya kutowaamsha watoto, huenda hata wati moja hutumii. Hebu sema, unakaa umbali gani na spika?

Mpenda Gita: Kochi liko kama mita 4. Spika ziko juu ya kabati.

Fundi Waya: Anzia hapo. Zishushe, tuita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) ilingane na masikio yako ukiwa umekaa, na migongo yake iwe karibu na ukuta kidogo, ukuta unaisaidia besi. Usizisukumie kwenye kona, besi itavimba ianze kuvuma. Halafu usiku vuta kiti. Ukikata umbali nusu, sauti inayokujia moja kwa moja inapanda kama desibeli 6, watoto hawasikii chochote zaidi.

Dada Kaseti: Mchana je? Maana hapo ndipo watu wanajiumiza. NIOSH, taasisi ya afya kazini ya Marekani, inashauri mtu asizidishe desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu. Kwa 94 umebaki na saa moja. Masikio yakilia baada ya kuzima, ulizidisha. Na ukisikia mziki unakwaruza, rudisha kitasa haraka, ampu imefika mwisho na tuita ndiyo huungua kwanza.

Sikio Kavu: Naongezea: ukienda kulinganisha ampu dukani, hakikisha zote zina sauti sawa, kwa kipimo siyo kwa kukadiria. Iliyozidi kidogo tu, utaapa ndiyo bora.

Mpenda Gita: Nimeshusha spika na kuvuta kiti. Gita la besi limerudi, nasikia hadi vidole vikihama kwenye nyuzi. Kitufe nimekijaribu, Mzee wa Sahani ana haki yake. Nimekizima nikapandisha besi kidogo. Sasa nikiongeza saabufa, ile spika ya besi tu, si itakuwa raha zaidi?

Fundi Waya: Ya mchana, sawa. Usiku hapana mkuu. Besi ndiyo inayopenya kuta kuliko sauti nyingine zote, utawaamsha watoto kabla hujaifaidi.