Poka ni mchezo wa akili: je, IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) wanalijali hilo?

Mbezi_Houston
Wakuu, salaam. Naomba wajuzi wa kodi za Marekani. Mtu hana mke, ana ajira yake ya kawaida, wikiendi anacheza mashindano ya poka. Tuseme mwaka 2026 mashindano aliyoshinda yamempa faida ya dola 40,000, na yale aliyotolewa mapema yamekula viingilio vya dola 40,000. Anaweza kudai huu ni ujuzi, si kamari, akatozwa kwa faida halisi, yaani sifuri? Na mgeni akitoka Nairobi kuja kucheza Las Vegas, anakatwaje?

Mhasibu_DMV
Mkuu, hoja ya ujuzi haina kazi kwa IRS. Kifungu cha 165(d) cha sheria ya kodi ya Marekani kinazungumzia hasara za kuweka dau, basi, ujuzi hakiuulizi. Mwaka 2007 Mahakama ya Kodi iliambiwa mashindano ya poka ni kama ya michezo mingine, ikakataa.

Sasa hesabu. Zile 40,000 za ushindi zote zinaingia Schedule 1 (kiambatisho cha mapato mengine kwenye fomu ya kodi), mstari wa 8b. Hasara zinakwenda Schedule A (kiambatisho cha kuorodhesha makato moja moja), na hapo ndipo wengi wanapoumia. Kwanza, kwa sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025, kuanzia mwaka wa kodi 2026 unaruhusiwa kutoa 90% tu ya hasara: 36,000. Tayari 4,000 zinatozwa kodi na mfukoni hamna kitu. Pili, ukitumia Schedule A unapoteza lile punguzo la kawaida (standard deduction, kiasi ambacho kila mtu hupunguziwa bila kuorodhesha makato), ambalo kwa asiye na ndoa ni 16,100 mwaka 2026. Kama hana makato mengine ya kuorodhesha, mapato yake yanayotozwa yamepanda kwa 20,100 kuliko kama asingecheza kabisa. Kwenye ngazi ya kodi ya 22%, hiyo ni dola 4,422 kwa mwaka ambao hakupata hata senti.

Mbezi_Houston
Duh! Basi si ajitangaze mchezaji wa kulipwa?

Mhasibu_DMV
Hakuna pa kujiandikisha. Kipimo ni cha kesi ya Groetzinger, Mahakama Kuu ya Marekani, 1987: ucheze mfululizo, kwa utaratibu, na lengo liwe kujipatia riziki. Yule bwana alikuwa anatumia saa 60 hadi 80 kwa wiki. Mwenye ajira ya kutwa atapata shida kuwashawishi. Na hata akikubaliwa atumie Schedule C (fomu ya mapato ya biashara), ile 90% inamfuata, nauli na hoteli zinahesabiwa ndani ya kikomo hicho hicho, na faida inabeba kodi ya kujiajiri ya 15.3%.

Sheria_na_Karata
Naongezea kidogo. Ujuzi unabishaniwa kwenye jinai, kwa mwenye meza. Kesi ya DiCristina, aliyeendesha michezo ya poka New York: mwaka 2012 Jaji Jack Weinstein alikubali kwamba kwenye poka ujuzi unazidi bahati, akafuta hatia ya kuendesha kamari haramu. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaipindua, kwa sababu sheria ile ya shirikisho inaangalia kama biashara inavunja sheria ya jimbo. Kwako Texas kinachotazamwa ni mahali pa faragha, kila mchezaji kuwa na nafasi sawa, na mtu yeyote asinufaike zaidi ya alichoshinda mwenyewe. Mwenye nyumba akianza kukata asilimia kwenye kila chungu (dau zote zilizowekwa mezani), kinga hiyo imekwisha, hata mcheze kwa akili kiasi gani.

Mtasha_Vegas
Kuhusu mgeni wa Nairobi: 30% inakatwa pale pale dirishani, anapewa fomu 1042-S inayoonyesha kodi iliyokatwa. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, Tanzania vilevile. Mkazi wa Uingereza anasamehewa kwa mkataba, ila lazima awe na namba ya mlipakodi ya ITIN na ajaze W-8BEN, fomu ya mgeni kudai nafuu ya mkataba. Kuna msamaha kwa wageni wote kwenye blackjack, baccarat, craps na roulette, poka haimo. Wala mgeni huyo haruhusiwi kutoa hasara.

Na wewe mkazi, daftari! Tarehe, aina ya mchezo, jina na anwani ya kasino, waliokuwepo, kiasi ulichoshinda au kupoteza. Tunza risiti ya kila kiingilio, hasa ukirudia kuingia kwa pesa taslimu. Risiti ya ATM inaonyesha ulitoa pesa tu, haithibitishi kwamba ulizipoteza mezani. Kama mmegawana hisa za zawadi na wenzako, jazeni fomu 5754 kabla kasino haijatoa W-2G, fomu ya kuripoti ushindi kwa IRS. Mkichelewa, kiasi chote kinasomeka kwa jina lako.