Faiba futi 23 au mbao futi 33: ipi salama kuvuka Pemba wakati wa kusi?

MtangaMjini
Wakuu, nimeletewa boti mbili, bei zinakaribiana, na muuzaji anataka jibu wiki hii. Moja ni faiba ya futi 23, nyingine ya mbao, futi 33. Nataka ya kuhimili bahari chafu. Naona kubwa ndiyo salama zaidi. Naombeni ushauri.

fundi_faiba
Ndugu, hujatupa cha kushika. Unavuka kutoka wapi kwenda wapi, miezi gani? Unabeba watu, samaki au saruji? Mashine ngapi? Upana wa kila boti je, na ukingo unabaki sentimita ngapi juu ya maji?

MtangaMjini
Tanga kwenda Wete, watu na mizigo, mwaka mzima. Mashine ninayo moja, Yamaha Enduro ya nguvu-farasi 40. Vipimo vingine nitaleta kesho.

Mwana_Mkoani
Mimi nasema chukua kubwa. Ukizidisha boti mara mbili kwa urefu, upana na kina, uzito wake unakuwa mara nane, na nguvu ya kujiinua ikilala inakuwa kama mara kumi na sita, ilhali nguvu ya upepo ya kuilaza inaongezeka mara nane tu. Baada ya mashindano ya mashua za tanga ya Fastnet ya mwaka 1979, walikokufa mabaharia 15, majaribio ya Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, yalionyesha kwamba wimbi linalovunjika likifika asilimia 30 ya urefu wa chombo na kukipiga ubavuni, linaweza kukipindua. Kwa futi 23 hilo ni wimbi la mita 2.1. Kwa futi 33 ni mita 3. Tanga kwenda Wete wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, wimbi unalipokea ubavuni kwenda na kurudi, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo.

fundi_faiba
Hesabu ni sahihi, ila ni ya boti iliyokuzwa pande zote tatu. Boti nyingi za mbao za futi 33 zimeongezwa urefu tu. Halafu vyombo vya Fastnet vilikuwa na sitaha iliyofunikwa, na mkuku (uti wa chini wa chombo) mzito. Boti ya wazi haingoji wimbi la kuipindua, inazamishwa na wimbi la kuingia ndani. Sentimita 10 za maji kwenye sakafu ya faiba ya futi 23 ni zaidi ya kilo 800, na kilo hizo hukimbilia upande uliolala. Swali la kwanza kwa muuzaji: maji yakiingia yanatoka wapi? Sakafu ikiwa juu ya usawa wa bahari boti ikiwa na mzigo wote, yatatoka yenyewe kwa matundu ya nyuma. Ikiwa chini, matundu hayohayo yataleta bahari ndani.

JahaziLaKale
Ukubwa bila kufaa kwa bahari yenyewe hauokoi mtu. Feri ya MV Skagit ilikuwa na futi 112. Ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya Puget Sound, maji yaliyokingwa na nchi kavu pande nyingi. Tarehe 18 Julai 2012, kusi likiwa kali, ilitoka Dar es Salaam kwenda Unguja na watu wanaokaribia 290, wakati uwezo wake ulikuwa 250. Ikapinduka karibu na Chumbe. Tazameni mambo yalivyokutana: chombo cha maji tulivu kikaletwa kwenye mawimbi ya bahari kuu, mwezi wa kusi, na watu kupita kiasi. Watu waliokaa juu hupandisha kitovu cha uzito wa chombo, na kikianza kulala wote husogea upande ulioshuka. Miezi kumi kabla, meli ya Spice Islander ya mita 60 ilizama karibu na Nungwi kwa kuzidishiwa watu na shehena. Kwa hiyo mkuu, kabla ya futi, uliza idadi iliyoandikwa kwenye cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika linalosimamia vyombo vya majini Tanzania.

Mwana_Mkoani
Kuzidisha mzigo ni kosa la watu, si la urefu wa chombo. Na msiisahau kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Mkondo wetu huelekea kaskazini hata miezi hiyo, ingawa hupungua. Upepo ukiupinga, wimbi linakuwa fupi na limesimama. Boti fupi hapo inachoka, omo (mbele ya boti) inachimba.

BintiPangani
Mnabishana urefu, mtu ana mashine moja! Ikizimika katikati ya mkondo, boti yoyote hugeuka ubavu kwa wimbi. Aongeze ya nguvu-farasi 15 iwe akiba.

fundi_faiba
Mashine mbili zikinywa tangi moja lenye maji zinazima pamoja. Ya akiba iwe na tangi lake na chujio lake la kutenganisha maji. Na usizidishe uzito nyuma, wimbi la tezini (la kutoka nyuma) litapanda ubao.

Mwana_Mkoani
Wengi hutegemea pampu. Tundu la sentimita 5 likiwa sentimita 30 chini ya maji linaingiza kama lita 170 kwa dakika. Pampu iliyoandikwa galoni 1,100 kwa saa haifiki hata nusu ya hapo. Beba vizibo vya mti laini, nyundo na matambara, na ndoo mbili zilizofungwa kamba.

MtangaMjini
Nimepima. Faiba upana futi 6 na nusu, ukingo sentimita 60 ikiwa tupu. Mbao upana futi 5 na nusu, ukingo 55. Abiria 12. Muuzaji anasema ya mbao imekalafatiwa (imezibwa kati ya mbao) mwaka huu.

fundi_faiba
Basi zidisha upana kwa upana kwa upana, kisha kwa urefu. Kwa mita, faiba inapata kama 54, mbao 47. Ile fupi ndiyo ngumu kulala! Lakini watu 12 ni kilo 900, na faiba hiyo hushuka sentimita moja kwa kila kilo 100. Ongeza mafuta na mizigo, ukingo unabaki 45. Kwangu hiyo ni ndogo kwa Julai. Punguza watu.

Mwana_Mkoani
Hesabu ya 54 na 47 ni ya maji matulivu. Kwenye wimbi fupi urefu bado unasaidia, sibadiliki hapo.

JahaziLaKale
Ya mbao iache majini usiku kucha, kisha tazama ngama (chini ya boti maji yanapojikusanya) asubuhi. Choma kisu kwenye mataruma (mbavu za boti) karibu na mkuku, kikizama usinunue. Faiba nayo itobolewe chini ya sakafu, uone kama povu limenyonya maji.

BintiPangani
Na ubao wa nyuma una inchi ngapi, 15 au 20? Shafti ya mashine yako je, inalingana nao? Bado hujasema.